Kolie ya Malachie na Mkono Wangu wa Kushoto

Juma lililopita mliniacha kanisani, nimepiga magoti, nikimshukuru Mungu kwa vitu viwili visivyopatana: kolie ya shanga iliyotundikwa ukutani kwetu, na vijiti viwili vilivyolala chini ya ngozi ya mkono wangu wa kushoto.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Kavuo wa Butembo, mke wa Malachie, fundi wa kuchomea milango ya chuma, ambaye watu humwita Papa Blaise kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Nilipomzaa mtoto wetu wa mwisho, damu ilinitoka hadi padri akaitwa kabla ya daktari. Daktari alisema nipumzike kuzaa. Malachie alisema dawa za kuzuia mimba ni za watu wasio na imani.

Basi nikaenda Beni kumwangalia dada yangu mgonjwa, ambaye hakuwa mgonjwa, na nikarudi na vijiti vya kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono.

Baada ya majuma machache parokia yetu ikagawa kolie, mkufu wa shanga wa kuhesabia siku. Malachie akaipokea kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa mji. Hivyo nikaanza kulindwa mara mbili: mara moja kwa siri, mara moja kwa shangwe.

Kolie yenyewe ni kitu rahisi. Ina shanga nyekundu ya kuanzia mwezi wa mwanamke, shanga za kahawia za siku salama, na shanga nyeupe za siku za kushika mimba. Kuna pete ndogo ya mpira inayosukumwa kutoka shanga hadi shanga. Malachie aliamua kwamba kusukuma pete ni kazi ya mwanaume. Siku nyeupe alilala ameugeukia ukuta, rozari mkononi, akihema kama mvukuto.

Mimi sikuigusa. Niliiangalia kama ninavyoangalia kalenda ya mwaka jana.

Miaka minne ikapita bila mimba. Parokia ikatutangaza kuwa familia ya mfano, hadi kwenye redio. Wanaume walikuja kwenye atelye ya Malachie, karakana yake ya chuma, kujifunza kusukuma pete. Wanawake walikuja kwangu kujifunza furaha.

Tulipofika hapo, Marie-Jeanne, ambaye mumewe alijifunza pete kwa Malachie, akaingia uani kwetu.

"Kavuo," alisema bila salamu, "ile kolie yenu imezala."

"Imezala nini?"

"Hapana kuniuliza nini. Angalia."

Akafungua kitenge. Tumbo lilikuwa limeshakubali lenyewe, halikuhitaji shahidi.

Malachie alitoka atelye na miwani ya kuchomea juu ya paji la uso. Aliliangalia lile tumbo kama mlango uliotengenezwa na fundi mwingine.

"Mama, bwana yako alikuwa anasukuma pete?"

"Alisukuma kila siku ya kazi, vile ulimufundisha. Alisukuma kuliko mutu anasukuma pikipiki yenye imezimika."

"Na siku nyeupe?"

"Siku nyeupe alilala na batoto."

Malachie alitikisa kichwa kwa huzuni. "Donc, basi, ni mawazo. Mwili unaheshimu, mawazo haiheshimu. Sasa shanga itafanya nini?"

"Papa Blaise," alisema Marie-Jeanne, "mimba haingiaka na mawazo. Ingekuwa vile, Butembo yote ingejaa mpaka ndege ikose pa kushukia kule Rughenda."

Mama mkwe wangu Kahongya alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Yeye huwa hasikii akiulizwa, ila husikia asipoulizwa.

"Marie-Jeanne, wewe shukuru," alisema. "Yako inazala. Ya hapa inakula tu. Mi niko namungoja Katembo mpaka macho inataka kufa."

Niwaeleze wageni. Kwetu Wanande mtoto huja akikuta jina lake limeshakaa linamsubiri, kwa zamu ya kuzaliwa. Nina wavulana wanne. Wa nne ni Kakule. Baada ya Kakule huja Katembo, na hakuna njia ya kumrukia. Kwa hiyo Kahongya hasemi kwamba sizai. Anasema kuna mtu anaitwa Katembo, na mimi nimemfungia mlango.

Malachie aliporudi kwenye moto wake, Marie-Jeanne alinivuta kando.

"Sema kweli. Siku hizi kila mwanamke iko na yake. Dada yangu anachoma shindano, ile sindano ya miezi tatu. Shemeji anameza vidonge, akisahau analia. Bamama wa jeshi bote banaweka vijiti. Batoto ya université banameza kile kidonge cha asubuhi, kisha banaenda misa. Mi nilifuata wewe. Siri yako ni nini?"

"Sala," nilisema.

Ilikuwa kweli. Nilisali kila siku. Sikumwambia nilichoomba: kwamba vijiti visionekane nikiinua mikono wakati wa Baba Yetu.

Marie-Jeanne akaondoka akiwa amejaa mtoto na aibu. Mimi nikabaki na amani ya mwanamke ambaye msiba umeikosa nyumba yake. Nisamehe, Bwana, lakini niliimba nikifua.

Siku tatu hazikupita, Abbé Omer, padri wa parokia yetu, akatuita. Alikuwa amekabidhiwa mambo ya familia hivi karibuni; mwenzake aliyezijua shanga vizuri alikuwa ametumwa masomoni. Abbé Omer alizijua kidogo, lakini alizipenda sana.

"Kutakuwa kusanyiko kubwa la familia kule Beni," alisema. "Mutatoa ushuhuda. Papa Malachie ataongea, Mama atafunga. Mushasikika kwenye redio, sasa watu banataka kuona sura."

Malachie alinyoa ndevu siku hiyo hiyo, ingawa safari ilikuwa ya juma lililofuata.

Beni tulipokelewa vizuri. Wanaume waliketi mbele na Abbé kupanga nyimbo; mimi nikaenda jikoni kusaidia. Huko nikamkuta mwanamke kijana akikata sombe ya muhogo kwa kasi ya mtu mwenye hasira na majani. Alikuwa Précieuse, mke wa adjudant Elysée. Walitoka mkoa wa Équateur, jeshi likawaleta kwetu, naye alikuwa amejifunza Kiswahili chetu bila kukiacha Kilingala chake.

"Ya Kavuo," aliniita, maana kwao dada mkubwa huitwa hivyo. "Ni wewe wa redio?"

"Ni mimi."

"Nzambe! Nilifikiri uko munene."

"Ju ya nini?"

"Sauti yako ni ya mutu anakula muzuri."

Tukacheka. Nilimpenda pale pale, na hilo ndilo lililoniponza.

Aliweka kisu chini.

"Ya Kavuo, mi niko na batoto batatu. Kwa bote batatu balinipasua. Ile ya tatu, munganga alitoka na jasho, akaniambia: 'Mama, tumbo yako sasa ni kiloba imeshonwa mara tatu. Ukitia tena kitu ndani itapasuka, na mimi sitakuwa na uzi.' Alisema vile mbele ya Elysée."

"Elysée alisema nini?"

"Alilia. Askari, na bunduki yake pale, analia. Tukaenda kuchoma shindano. Kila miezi tatu nachoma. Sasa kwenye centre ya afya banasema haiko, musaada ilikatika. Rudi mwezi ingine. Narudi: haiko. Narudi: haiko. Na Elysée amepata congé, ruhusa ya jeshi, anatoka kule Mabalako, juma hii anafika. Mwaka muzima hatujaonana. Unafikiri atafika aniombe chai?"

Sikucheka safari hii.

"Ndiyo maana nilimushukuru Mungu," aliendelea. "Akaniletea wewe hapa jikoni. Na wewe damu ilitaka kukumaliza. Ulisema kwenye redio, nikalia mpaka mutoto akaniletea maji. Miaka ine, hapana mimba! Kesho nachukua kolie mbele ya bote."

Sombe ilichemka. Mimi pia.

Lazima niseme jambo hapa. Nilijifunza kusoma katika darasa la jioni la parokia, nikiwa tayari mama. Mwalimu wetu Monique alitufundisha herufi, hesabu na mwili. Hakuwahi kusema kolie ni uongo. Alisema inamsaidia mwanamke ambaye mwezi wake haurukiruki, mwenye mume anayesikia. Lakini alisema pia, akigonga ubao: "Mwenye mimba itamuua, atafute kitu cha nguvu zaidi. Hapana kucheza."

Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo vizuri sana, kwa mwandiko uliosifiwa.

"Précieuse," nilisema nikiangalia sufuria, "na ile vijiti ya mukono?"

"Ile? Hapana! Banasema inatembea. Inatoka mukono, inapita bega, inafika kwenye moyo, mutu anaanguka pale pale."

Nilitamani kumwambia kwamba vyangu havijasafiri hata kufika Kasindi mpakani.

"Ni uongo," nilisema.

"Unajua aje?"

"Nilisikia."

"Na mi nilisikia. Sasa masikio ya nani ni ya kweli?"

"Kuna muuguzi hapa Beni, anaitwa Élise. Vijiti iko nayo bado. Iko na mukono mwepesi, anatia dawa kwanza, haiumi sa..."

Nikajiuma ulimi. Précieuse akanigeukia.

"Haiumi sana? Wewe ulijua aje?"

"Banasema."

Akaangua kicheko, akanipiga begani. Bega la kulia, Mungu ni mwema.

"Ya Kavuo, unanipima imani! Unataka kuona kama nitayumba. Siyumbi. Mutu mwenye alivuka mutoni na mutumbwi hawezi kunituma kwenye daraja ya kuoza."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ushuhuda wangu una miguu, na unatembea kuelekea kwenye kaburi la mtu.

Nilimtafuta Malachie kabla ya chakula.

"Papa Blaise, mwanamke mwenye alipasuliwa mara tatu, kolie inamutosha?"

"Inatosha kama bwana yake ni mwanaume."

"Na kama bwana iko askari, anakuya mara moja kwa mwaka?"

"Nitamufundisha. Askari banajuaka amri." Akanishika kidevu. "Usiogope kesho. Sema tu ile yenye Mungu ametutendea."

Nilisali jioni ile. Nilimwomba Mungu amtafute mtu mwingine wa kumwambia Précieuse ukweli, mtu asiye na mume, asiye na mama mkwe, na ikiwezekana asiye mimi. Mungu akanyamaza kwa namna niliyoizoea: kama mwalimu aliyekwisha kueleza somo.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto kila mahali. Précieuse alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya, kolie mpya mikononi akiipitisha kwenye vidole kama mtu anayetaka kununua.

Malachie alipewa mikro, kile kipaza sauti. Nimeolewa naye miaka mingi, sikujua kwamba ndani yake amelala mhubiri.

"Bandugu na bamama! Mi niko soudeur, fundi wa kuchomea. Kazi yangu ni kufunga. Nafunga milango, nafunga madirisha. Mungu akanipa kolie, nikafunga na nyumba!"

Kicheko. Makofi. Abbé Omer alichekea mkononi.

"Musiseme ni ngumu. Asubuhi sala, kisha pete. Hata siku ya ville morte, Butembo yote imefunga, duka haiko, pikipiki haiko, mi nasukuma. Pete haijui mambo ya politike! Siku ya matanga ya shemeji yangu nilisukuma kwanza, kisha nikalia."

"Amina!" mtu alipaza sauti.

"Siku moja tu hapana kugusa."

Nikainua kichwa.

"Jumapili. Jumapili ni ya Bwana! Kwa atelye yangu, Jumapili hata nyundo hailii. Sasa nitasukuma pete na vidole gani? Vidole ni ile ile! Jumapili pete inapumzika pamoja na mutu wa Mungu. Lundi asubuhi inaendelea pale iliachia. Njo vile nilifundisha banaume bote ya parokia yetu."

Wanaume walipiga makofi hadi viti vikalia. Abbé Omer alitabasamu kama mtu aliyesikia mahubiri yake yakitengenezwa vizuri kuliko alivyoyaandika.

Mimi nilishika kiti.

Kila siku, alituambia mwalimu Monique. Kila siku, hata msibani, hata Pasaka. Ukiruka siku, pete inabaki nyuma. Shanga inasema salama wakati mwili umeshasema mengine.

Nikaiona parokia yetu nyumba kwa nyumba. Pete zimelala Jumapili baada ya Jumapili, wanaume wameamka Jumatatu na kusukuma uongo kwa uaminifu mkubwa. Marie-Jeanne. Jirani yake wa upande wa juu. Mke wa mpiga kengele. Wote Malachie aliwaambia ni mawazo, nao wakaenda kuungama mawazo ambayo hawakuwa nayo.

Na mimi, ambaye ningeweza kuona kosa hilo kwa kuutazama ukuta wangu, sikuutazama. Nilikuwa na vijiti.

Mstari wa mbele, Précieuse alikuwa akitikisa kichwa, midomo ikirudia somo: "Jumapili hapana. Jumapili hapana."

Malachie akanipa mikro. Ilikuwa na joto la mkono wake.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri juu ya amani ya nyumba. Yalikimbia yote. Lakini pale pale nikaona njia nyembamba, nami nikamshukuru Mungu kwa akili aliyonipa saa ile. Nitasahihisha Jumapili, nitanyamaza juu ya mkono. Précieuse atapona, nami pia.

"Bandugu," nilisema, "bwana yangu ameongea muzuri. Lakini kuna mahali moja nataka kumusaidia."

Vichwa vikageuka. Kwetu mke humsaidia mume nyumbani, si kwenye mikro.

"Pete inasukumwa kila siku. Na Jumapili pia. Mwili wa mwanamke hauna Jumapili. Hauendi misa, haupumziki. Ukiacha pete Jumapili, kolie inakudanganya. Bamama wenye balipata mimba kwetu, haikuwa mawazo. Ilikuwa Jumapili."

Mama mmoja nyuma akapiga vigelegele, wengine wakamfuata, na kicheko cha wanawake kikaanguka juu ya wanaume kama mvua juu ya mabati.

"Munasikia! Haikuwa mawazo!"

"Papa Malachie, lipa kahawa ya kubatizisha!"

Nikamwangalia Précieuse. Alikuwa ameishusha kolie magotini, anafikiri. Nilianza kurudi kwenye kiti changu nikiwa mwepesi. Sijawahi kuwa mjanja namna ile kabla ya siku hiyo.

"Mama Blaise."

Ni Malachie. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekunja uso kama fundi anayeuona mlango umesimama na hauna bawaba.

"Ninakubali. Nilikosa. Lakini Jumapili zote za miaka ine nilikosa." Akatazama vidole vyake. "Sasa... ni nini ilikuwa inatulinda sisi?"

Kicheko kilikatika upande wa wanaume kwanza, halafu upande wa wanawake. Niliona vichwa vikianza kupiga hesabu. Hakuna hesabu rahisi kuliko ile.

Nikaishusha mikro.

Ndipo Abbé Omer akaruka kutoka kitini, mikono juu.

"Bandugu, hamuoni? Baba alikosa hesabu, lakini Mungu hakukosa! Damu ilitaka kumubeba huyu mama, Bwana akasema hapana! Pete ililala, Mungu hakulala! Ni muujiza, bandugu! Muujiza mbele ya macho yenu!"

Ngoma ikapigwa. Mama mmoja alianguka magoti. Malachie alifunika uso, mabega yakatikisika. Mume wangu alikuwa akilia kwa furaha, kwa sababu Mungu alikuwa amefanya kazi yake Jumapili zote alizopumzika.

Kwa muda mfupi nikawa nimepanda cheo, kutoka mke wa mfano hadi mke wa muujiza. Sikuhitaji hata kusema uongo. Uongo ulishasemwa na mwingine, kwa sauti nzuri kuliko yangu, tena mwenye daraja takatifu. Kazi yangu ilikuwa kuinamisha kichwa tu.

Nikainamisha. Ndiyo, msomaji, nikainamisha.

Nilipokuwa nimeinama nikaona miguu ya Précieuse ikipita mbele yangu. Alikuwa ameivaa ile kolie shingoni kama rozari. Alipiga magoti mbele ya Abbé Omer.

"Abbé, nibariki," alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka. "Elysée anafika juma hii. Hajui kusukuma pete, na mi sina nguvu ya kumufundisha. Lakini kama Mungu alimulinda Ya Kavuo na pete yenye ilikuwa inalala, na mi atanilinda. Naacha yote. Shindano naacha, munganga naacha. Naingia kwenye muujiza ya Ya Kavuo."

Ukumbi ukasema amina kwa sauti moja.

Nimemwomba Mungu mambo mengi maishani, na mengine ya aibu. Lakini sikuwahi kumwomba amchukue mwanamke mwingine mahali pangu, na pale ndicho nilichokuwa nakiomba kwa kunyamaza.

Nikainua mikro.

"Abbé," nilisema, "hii muujiza iko na muuguzi."

Hakuna aliyeelewa. Wengine walisema amina tena, kwa mazoea. Abbé Omer alibaki mkono hewani juu ya kichwa cha Précieuse, akinitazama kama anayengoja mstari wa pili wa wimbo.

Nikaibana mikro kwapani, nikaanza kufungua kifungo cha mkono wa blauzi yangu. Wa kushoto. Kifungo kilikuwa kigumu, au vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vigumu. Nikakifungua. Nikaanza kukunja.

"Mama Blaise, unafanya nini?" Malachie alinijia mbio. Alifikiri nazimia, au roho amenishukia. "Hapana kuvua hapa! Kaa, kaa chini."

Akanikamata mkono kwa juu, kwa ndani, mahali ambapo kwa miaka minne nilipaficha ili asipaguse.

Mume wangu ni fundi wa chuma. Anaweza kupitisha kidole gumba juu ya rangi akakuambia chini yake kuna kiungo.

Kidole gumba chake kikapita. Kikasimama. Kikarudi polepole, kikapita juu ya kijiti cha kwanza, kikapita juu ya cha pili.

Akaniangalia. Machozi ya muujiza yalikuwa bado mashavuni mwake, hayajakauka.

Nilingoja anipige, au aniulize. Hakufanya moja wala jingine. Aliushusha mkono wa blauzi yangu taratibu, akakifunga kifungo, akafunga vizuri, kama anavyofunga kazi ya mteja. Halafu akaugeukia ukumbi.

"Muke yangu amechoka na njia," alisema, kwa ile sauti anayotumia kushinda kelele za mashine. "Tuimbe."

Kwaya ikasimama. Ngoma zikaanza upya. Abbé Omer alifumba macho na kuushusha mkono wake juu ya kichwa cha Précieuse.

Malachie alikuwa amenishika kwa nguvu mkono wa kushoto. Mikro nilikuwa nimeichomoa kwapani kwa mkono wa kulia, na taa yake ndogo ilikuwa bado inawaka.